Vijiji vya Mzee Antonin

Madam Hélène alinipigia simu wiki iliyopita, asubuhi, nikiwa bado na ndoo ya maziwa mkononi. Hatukuwa tumeongea kwa muda mrefu, ila salamu za Krismasi tu, kwa hiyo nilipoliona jina lake nilijua kabla sijapokea. "Njoroge," alisema, "Baba ametutoka." Nikamwambia pole sana, Madam. Nikauliza kama aliteseka, akasema hapana, alikuwa mzee tu, na wazee huchoka. Kisha akanyamaza, na nyuma ya kunyamaza kwake nikasikia ndege ikishuka, mlio ule ule niliokuwa nikiusikia mchana kutwa katika chumba changu cha Al Thumama, nikajua kwamba bado anakaa katika nyumba ile ile. "Nimekupigia," akasema, "kwa sababu hapa Doha hakuna mtu mwingine aliyemjua. Nikiwaambia baba yangu amekufa, wananipa pole, lakini hawajui ni nani amekufa." Nikamwambia mimi nilimjua. Tuliagana, nikaenda kumaliza kukamua, lakini ng'ombe aliona mikono yangu haiko pale, akapiga ndoo teke. Tangu siku hiyo mwaka ule umenirudia wote, na naona ni heri niuandike kama ulivyokuwa.

Ulikuwa mwaka 2013. Jinsi nilivyofika Doha sitaieleza, kwa sababu kila Mkenya aliyefika kule ana hadithi ile ile na yangu haina kipya. Nilikuwa nimekaa miaka kadhaa kama mlinzi katika kampuni ya ulinzi, nikisimama kwenye lango la kompaundi ya nyumba za wageni, na Madam Hélène, Mfaransa aliyekuwa mhandisi wa mambo ya maji, alikuwa akipita langoni kila siku na kunisalimia kwa jina. Mwanzoni mwa mwaka ule aliniambia baba yake anakuja kuishi naye, kwamba mama yake amefariki, kwamba mzee hawezi kukaa ndani peke yake yeye akiwa kazini, na kwamba anahitaji dereva mvumilivu. Nikakubali. Nikahama kutoka kitanda changu cha ghorofa katika makazi ya kampuni, nikapewa chumba nyuma ya nyumba yake, kando ya mashine ya kufulia. Kilikuwa chumba chembamba, chenye kitanda, jiko dogo la umeme na kiyoyozi cha dirishani kilichotetemeka kama kinaumwa. Lakini kilikuwa na mlango, na mlango ule niliweza kuufunga mwenyewe. Siku za kwanza nilidhani hiyo ndiyo raha. Baadaye nilijua kwamba katika chumba cha watu wanane mtu hupata angalau wa kumwambia azime taa.

Mzee Antonin alifika Februari amevaa koti la sufu. Nilimpokea uwanjani pamoja na Madam. Mtu mfupi, mpana wa mabega, masikio makubwa, mikono kama ya mkulima wa kwetu Kinangop. Alikuwa amekasirika, kwa sababu alikuwa amebeba soseji za nguruwe katika sanduku, alizozikausha mwenyewe darini, na forodha walikuwa wamezitoa kwa heshima zote na kuzitupa. "Baba, nilikuambia," Madam alimwambia ndani ya gari. Yeye akanigeukia mimi, akaniambia kwa Kiingereza, "Wewe unakula nguruwe?" Nikasema ndiyo, mimi ni Mkristo. "Basi wametuibia sisi wawili." Kiingereza chake kilikuwa cha barabarani, aliendesha malori ya jibini kwenda Uingereza ujana wake wote, na alikuwa na maneno yote ya breki, mvua, chakula na matusi, ila machache ya mambo mengine. Jina langu lilimshinda. Alipoambiwa kwamba Njoroge ni kama George, akaamua nitakuwa Georges, kwa Kifaransa, na sikuitwa vingine tena.

Kazi yangu ilikuwa kumpeleka mahali asipotaka kwenda. Madam alikuwa amepanga: ufukweni, makumbusho, madukani kwenye baridi. Mzee aliketi kwenye benchi la jengo la maduka, kofia magotini, akiangalia watu wakipita na mifuko, na baada ya muda aliniuliza, "Georges, hawa wote wanakwenda wapi?" Sikujua. Mahali pekee palipomfurahisha ni soko la mboga. Aliinua kiazi, akakikuna ngozi kwa ukucha, akakinusa, akakirudisha. Wauzaji wa Kipakistani walimzoea, wakawa wanamwita Baba Batata. Mezani kwa Madam kulikuwa na visu vizuri, lakini yeye alitoa kisu chake mfukoni, akakifungua, na alipokikunja ndipo chakula kilikuwa kimekwisha, hata kama Madam alikuwa bado anatafuna. Niliyaona hayo nikiingia kuchukua funguo za gari. Mara nyingi waliketi wawili kwenye meza ya watu kumi, na sauti pekee ilikuwa ya kile kisu kikijifunga.

Aprili mke wangu akafariki. Nilikuwa nimeegesha gari mbele ya kliniki ya meno huko Al Sadd, namngoja Mzee, na shemeji yangu akapiga simu. Mke wangu alikuwa ameanguka shambani, presha, wakamfikisha hospitali akiwa tayari ameshakwenda. Niliiweka simu juu ya kiti. Watu walikuwa wakipita na chai zao za karaki, jua limekaa juu ya paa za magari, na mtu mmoja aligonga dirisha kuniuliza kama natoka hapo aegeshe. Nikamwambia hapana, samahani. Mzee akatoka na pamba shavuni, nikashuka, nikamfungulia mlango, nikaendesha mpaka nyumbani nikitumia taa za pembeni kila mahali panapotakiwa. Siku hiyo sikumwambia mtu. Aliyejua kwanza ni Hamisi, mtu wa Kwale, aliyechukua nafasi yangu pale langoni, kwa sababu aliniona nimekaa kwenye ngazi na viatu mkononi. Hamisi ndiye aliyemwambia Madam. Na Madam, nasema ukweli, alihangaika. Alikwenda ofisi hii na ile. Lakini karatasi zangu zilikuwa zinahama kutoka kwa mdhamini wa zamani kwenda kwa mpya, na kwa wiki zile sikuwa wa huyu wala wa yule, na bila mdhamini hakuna wa kusaini ruhusa ya kutoka nchini. Hakuna aliyenikatalia. Hakukuwa tu na mtu wa kukubali. Kwetu hawakuweza kungoja, wakazika. Nilitumiwa picha, na katika kila picha niliona migongo ya watu. Karatasi zilipokamilika Madam alisema, "Sasa unaweza kwenda." Nikamwambia asante, nitakwenda baadaye. Sikujua ningekwenda kufanya nini. Watu walikuwa wameshamaliza kulia, wamekwenda kupanda viazi.

Hamisi aliniletea wali kila alipotoka zamu, akaketi nami bila kuuliza neno. Ijumaa nilikwenda kanisani, kule nje ya mji ambako makanisa yote yako pamoja, na Wakenya wenzangu wakaniombea. Baada ya hapo, ikawa imekwisha. Doha mtu akifiwa huonekana siku chache, halafu anarudi kazini na sura yake inakuwa kama za wengine. Mzee alijua. Aliambiwa na binti yake, na siku iliyofuata, badala ya kuketi nyuma, alifungua mlango wa mbele akaketi kando yangu. Tulipofika taa nyekundu akasema, "Wangu pia." 

Mchezo wa vijiji ulianza kiangazi kilipokuwa kikali, wakati hata soko lilikuwa halikaliki na tulichoweza kufanya ni kuzunguka ndani ya gari lenye baridi. Siku hizo Doha ilikuwa bado na raundabauti nyingi. Tulipofika mojawapo, Mzee akanyosha kidole. "Hii ni Salers," akasema. "Punguza mwendo, Georges, barabara ni nyembamba na kuna mbwa wa mwokaji mikate." Nikapunguza. Dereva wa nyuma akapiga honi. "Kushoto ni kanisa. Nyumba zote nyeusi, mawe ya volkano. Sasa panda." Hakukuwa na mahali pa kupanda, Doha ni tambarare kama sahani, lakini nilibadilisha gia. Kuanzia siku hiyo raundabauti zote zikapata majina ya huko kwao, jimbo la Cantal, katikati ya Ufaransa, milimani. Al Sadd, kwa sababu ya maduka na msongamano, ilikuwa Aurillac, mji mkubwa. Daraja la juu la barabara ya mzunguko likawa njia ya mlimani ambayo hufungwa na theluji. Kiwanja kitupu cha mchanga karibu na nyumbani, chenye mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye waya, kilikuwa malisho ya juu ambako ng'ombe wekundu hukaa kuanzia Mei mpaka Oktoba. Aliniambia watu wa kila kijiji wanakula nini, nani alimwoa nani, wapi pana maji mazuri, na wapi mwenye mkahawa ni mwizi.

"Leo babu yako umemtembeza wapi?" Hamisi aliniuliza tukiingia langoni.

"Ufaransa."

"Ufaransa ya Al Sadd? Mbona hukuniletea hata pafyumu?"

"Huko hakuna pafyumu. Kuna ng'ombe tu."

"Basi umetoka kwenu Kinangop, ukavuka bahari, ukapita jangwa, kwenda kuonyeshwa ng'ombe! Kaka, wewe umerogwa."

Mzee aliuliza amesema nini, nikamfasiria, akacheka mpaka akashika mlango. Nilikuwa sijamsikia akicheka. Nadhani ndicho kilichoniponza, kwa sababu tangu hapo nikawa nataka kumsikia tena.

Mambo ya nyumba niliyasikia garini. Madam alipokuwa nami peke yake alizungumza kwa simu na watu wa Ufaransa, na ingawa sikujua lugha yao, nilijua neno la nyumba na neno la kuuza, na nilijua sauti ya mtu anayerudia jambo ili ajiaminishe. Mwishowe aliniambia mwenyewe. Nyumba ya Mzee ilikuwa imepata mnunuzi. Majira ya baridi yaliyopita alikuwa ameteleza kwenye ngazi akalala kwenye theluji mpaka jirani akamkuta. "Hawezi kuishi kule peke yake tena, Njoroge. Anataka kwenda kuchagua vitu vyake kabla ya kuuza, na mimi siwezi kuacha mradi. Nenda naye wewe. Msaidie. Kisha mwanzoni mwa Novemba umrudishe kwangu." Alinitazama kwenye kioo. "Umrudishe," akasema tena. Nikasema ndiyo, Madam. Viza ilipatikana, Mzee akaacha kula kwa furaha, na Oktoba tukaondoka.

Sikuwa nimejiandaa kwa kijani. Tulishuka treni Aurillac, mpwa wa jirani yake akatupandisha mlimani, na macho yangu yaliuma kama mtu aliyetolewa gizani. Ile milima ni volkano zilizozimika zamani sana, imekuwa mviringo, nyasi mpaka juu kabisa, na mabondeni misitu ilikuwa imegeuka rangi ya shaba. Ng'ombe walikuwa wakiteremshwa kutoka malishoni, wekundu, pembe ndefu zimepinda, kengele shingoni, na tukangoja barabarani wapite. Juu kabisa kulikuwa na vibanda vya mawe ambamo wachungaji wa zamani walikaa kiangazi kizima wakitengeneza jibini, na vingi paa zimeanguka. Ukungu ulishuka saa kumi jioni. Nilijua ubaridi ule, unaoingia kwenye mifupa ya vidole, na nilijua harufu ya moshi kwenye nguo zenye unyevu. Lakini kwetu ukungu ukishuka unasikia watoto, redio, mtu akimwita mtu. Kule, kijiji cha Mzee kilikuwa na nyumba chache juu ya mji wa Salers, na nyingi zilikuwa zimefunga madirisha yao ya mbao. Nilitembea asubuhi kutoka mwanzo wa kijiji mpaka mwisho, na aliyenisalimia ni mbwa.

Mzee alikuwa na kigari cha zamani bandani, kikawaka. Kila siku alinipeleka, au mimi nilimpeleka, kwenye vile vijiji nilivyokwisha kuvipita Doha. Salers ilikuwa nyeusi kweli, kuta, vibaraza, hata mawe ya barabarani, na watalii walikuwa wameondoka, maduka ya jibini yamefungwa nusu, na hatua zetu zilisikika. Mbwa wa mwokaji mikate alikuwa ameshakufa. Tulipoingia Aurillac siku ya soko, kwenye foleni ya magari, Mzee akapiga dashibodi na kupaza sauti, "Al Sadd!" Tukacheka kama wendawazimu. Palepale sokoni, asubuhi na mapema, aliniketisha na wachuuzi, tukaletewa vifurushi vya matumbo ya kondoo vilivyofungwa kwa uzi, vimechemshwa mpaka vikalainika, na glasi ya mvinyo mweupe kando. Nikamwambia kwetu pia tunakula matumbo, lakini si kabla ya jua kutoka. Akawaambia wachuuzi, nao wakanipigia makofi mgongoni. Siku nyingine tuliteremka kusini kwenye miti ya njugu zile kubwa za kahawia zinazochomwa, wakatujazia mfuko, tukazila garini zikiunguza vidole. Tulikwenda mpaka Saint-Flour, mji uliojengwa ukingoni mwa jabali, tukasimama chini ya kanisa kuangalia bonde, na upepo ukamtoa Mzee machozi, au alisema ni upepo.

Nyumbani alipika mwenyewe. Viazi vilivyokatwa vyembamba, vikakaangwa polepole kwa mafuta ya nguruwe katika kikaango kizito, kisha jibini changa, isiyokomaa, ikachanganywa humo mpaka ikavutika kama kamba. Alipomaliza supu alibakiza mchuzi kidogo bakulini, akamimina mvinyo mwekundu ndani yake, akainua bakuli kwa mikono miwili akanywa. Tulikula jikoni, karibu na jiko la kuni, kwa sababu vyumba vingine vilikuwa baridi kama kaburi. Kazi tuliyotumwa haikuendelea. Nilileta maboksi, nikayafungua, nikaweka kando yake. Alitoa aproni ya mkewe kwenye ndoano nyuma ya mlango, akaikunja, akaiweka ndani ya boksi, akakaa, akaitoa, akairudisha kwenye ndoano. Sikumhimiza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwandikia shemeji asiguse nguo za mke wangu, na sikuwa na sababu ya kumpa.

Jirani aliyemkuta kwenye theluji aliitwa Paulette, mjane mrefu mwenye sauti ya kiume. Alitualika chakula cha mchana Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Nikaona si vizuri kwenda mikono mitupu. Jana yake tulikuwa mjini, Mzee amesinzia garini, na mbele ya kila duka kulikuwa na vyungu vya maua, mamia, manjano, zambarau, meupe, kama mji mzima unajiandaa kwa harusi. Niliyatambua. Kabla ya Doha nilifanya kazi katika shamba la maua Naivasha, na maua yale, krisantemu, niliyakata na kuyafunga kwa mikono yangu mwenyewe. Tuliambiwa yanakwenda Ulaya. Miaka ile yote niliwaza kwamba kuna mwanamke mahali fulani anafungua mlango na kupewa mzigo niliofunga mimi. Nikachagua chungu kikubwa zaidi, cha manjano, nikakificha nyuma ya gari.

Paulette alifungua mlango, akanyosha mikono, akakiona chungu. Mikono ikabaki hewani. Aliniangalia mimi, akamwangalia Mzee. Mzee alifumba macho, mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikageuka kikohozi mpaka nikampiga mgongoni. "Georges, Georges," akasema alipopata pumzi, "umemletea maua ya kaburini!" Nilitaka ardhi inimeze. Kumbe kule maua yale ni ya wafu tu. Hayaingii nyumbani, hayapewi mtu aliye hai; ilikuwa wiki ya Watakatifu Wote, na kila mtu alikuwa akinunua vyungu vya kupeleka makaburini. Paulette alinena kitu kwa ile sauti yake nzito, na Mzee akafasiri: "Anasema asante, lakini bado kidogo. Umngoje." Kisha akakichukua chungu, akakiweka chini kwenye ngazi, nje, kwa uangalifu kama anamlaza mtoto, akatuingiza ndani.

Tulikula, na sikuweza kuinua macho. Alipoleta jibini, Paulette aliniuliza jambo. Mzee hakunifasiria. Alijibu yeye, maneno mawili matatu, na nikalisikia neno la mke. Paulette aliweka kisu chini. Alizungumza kwa muda, polepole, akinitazama mimi na si yeye. "Anasema," Mzee aliniambia, "makaburini kwetu, katikati, kuna msalaba wa jiwe. Si kaburi la mtu. Wale ambao wafu wao wako mbali, huweka hapo. Ndugu yake alifia Kanada, yeye huweka hapo kila mwaka. Anasema hicho chungu si chake, ni chako. Ulikosea mlango tu."

Siku ya Watakatifu Wote tulikwenda baada ya misa. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha. Watu walikuwa wengi kuliko niliowahi kuwaona kule, wamerudi kutoka mijini na magari yao, kijiji kimejaa kwa saa chache kwa ajili ya wafu wake. Chini ya msalaba kulikuwa na vyungu vingine. Nikaweka changu karibu na cha ndugu yake Paulette. Nilidhani ningelia, sikulia. Nilisema jina la mke wangu, Nyambura, kwa sauti ya kawaida, kama namwita kutoka chumba kingine. Nikamwambia mvua inanyesha, na kwamba udongo wa huku ni mweusi kama wa kwetu. Basi. Nilipokwenda nyumbani Januari iliyofuata na kusimama mbele ya kaburi lake lenyewe, na watu wakiniangalia waone nitafanya nini, nilijua cha kufanya, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusimama mara moja mahali ambapo hakuna aliyenitazama.

Nilipogeuka nilimwona Mzee. Alikuwa amepiga magoti juu ya gunia, na brashi ya kufulia, anasugua ukungu wa kijani kwenye jiwe la mkewe. Alisugua herufi moja moja. Nikaenda kumsaidia kusimama. Akaiangalia ile brashi, akasema, bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Kule kwa Hélène hakuna cha kusugua."

Angekataa kurudi Doha, ingekuwa rahisi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Lakini siku iliyofuata nilimkuta anapanga sanduku lake. Mashati, kisu, koti. Maboksi mengine yote yalikuwa matupu. "Tunaondoka saa ngapi, Georges?" akaniuliza, na hakunitazama. Nilimwambia nitaangalia. Nikapanda barabara mpaka kwenye kona ambako simu hushika, nikampigia Madam.

"Madam, naweza kumleta," nikamwambia. "Ameshafunga sanduku. Nikimwambia aingie garini, ataingia."

"Basi tatizo ni nini?"

"Sitaki kuwa mimi nitakayemwambia."

Sauti yake ikawa ya kazini. "Njoroge, nilikutuma kumrudisha. Hiyo ndiyo kazi niliyokupa."

"Ndiyo, Madam. Na ukisema tena, nitafanya. Lakini naomba usiseme ukiwa kwenye simu. Njoo umwambie yeye hapa, karibu na mama yako."

"Unajua unachoniambia?"

"Najua." Nilijua pia kwamba dereva wa mzee asiyekuwepo si dereva wa mtu yeyote.

"Theluji ikianguka, nani atamwashia moto? Nani atamwokota?"

"Paulette amesema atapita kila asubuhi. Mpwa wake ataleta kuni."

"Paulette naye ni mzee!"

"Ndiyo, Madam."

Akakata. Nilirudi, na Mzee alikuwa ameketi juu ya sanduku, kofia kichwani. Nikamwambia Madam bado anafikiri. Akaitikia kwa kichwa, akabaki amekaa pale pale. Siku nzima hakuvua kofia. Madam alipiga kesho yake nikiwa kwenye ile kona tena. Alisema maneno matatu, "Njoo peke yako," na mengine yalikuwa ya tiketi.

Mzee hakunishukuru, wala sikutaka. Alisimama mlangoni na koti lake la sufu, mpwa wa Paulette akiwa ameshawasha gari, akanishika mkono kwa ile mikono yake migumu. "Msalimie Hamisi," akasema. "Mwambie sikupata pafyumu." Nilipoangalia nyuma kwenye kona alikuwa ameshaingia ndani, na moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba la paa.

Doha nilikuta Madam uwanjani. Alikuwa amekuja mwenyewe. Nilimwona kabla hajaniona, akiangalia mlango, na nilipotokea macho yake yalipita juu ya bega langu, yakangoja, kama kwamba kuna mwingine aliyebaki nyuma na mizigo. Kisha akanichukulia begi, nikakataa, akachukua hivyo hivyo. Aliendesha yeye. Nilikaa kando yake, mahali alipokuwa akikaa Mzee, sijui mikono yangu niiweke wapi. Hakuwa na hasira. Hilo nilikuwa nimelitayarishia majibu njia nzima, na majibu yote yakawa hayana kazi. Alikuwa amechoka, na mdogo, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ni mtoto wa mtu.

"Nilimnunulia blanketi jipya," akasema. "Nilidhani pengine kiyoyozi ndicho kilichomsumbua."

Akaingia barabara kuu, kisha akauliza.

"Alisema lolote kunihusu?"

Ningeweza kumpa jambo. Mtu yeyote angempa. Lakini nilikuwa nimechoka na maneno mazuri, ya Ijumaa, ya simu, ya pole, na sikutaka kumpa moja zaidi. "Hapana, Madam," nikamwambia. "Hakusema."

Akaitikia kwa kichwa, akiangalia barabara, akasimama kwenye taa nyekundu.

"Ila asubuhi, kabla ya kula," nikasema, "huwa anakata mkate vipande vitatu. Kimoja chake, kimoja changu. Cha tatu anakiweka mezani mbele ya kiti kitupu, na hakuna anayekigusa mpaka mchana. Nilidhani ni cha mama. Nikamuuliza Paulette, mpwa wake akitufasiria, akaniambia hapana, mama alikuwa anakaa karibu na jiko."

Taa ikawa kijani, na hakuondoa gari.

"Kiti kipi?" akaniuliza.

"Cha dirishani. Kile kifupi cha mtoto, chenye mguu uliotengenezwa kwa waya."

Nyuma yetu walianza kupiga honi. Madam aliweka mkono mmoja mdomoni, na mwingine ukabaki kwenye usukani, tukakaa hivyo mpaka taa ikarudi nyekundu.